Aliyetoka Kazini Anapotusema, Tumjibuje?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja, ofisa utumishi mstaafu, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliofanyika Gongoni, Tabora. Vichwa vidogo vimewekwa na Mhariri.)



Kamati iliponiandikia kunitaka niseme juu ya mambo ya kazi, nilidhani nitatakiwa kueleza namna ya kuipata, maana hilo ndilo vijana huniuliza kila tukutanapo. Kumbe sivyo. Katibu alinieleza kwamba wanachama kadhaa, wengine mameneja, wengine wakuu wa idara, wengine wana shughuli zao wenyewe, wana jambo moja linalowakera. Mtu ameacha kazi kwao, au ameachishwa, halafu anaanza kuisema ofisi yake ya zamani. Anaisema sokoni, anaisema kwenye baraza, anaisema msibani, na mwisho anaandika barua kwa wakubwa. Wanauliza: Tumjibuje? Tunyamaze? Tumshitaki?

Jibu langu nitalitoa mapema, ili hata yule atakayesinzia kwa sababu ya pilau tuliyokula asilikose. Mtu aliyetoka kwako akikusema, usianze kuuliza ni nani huyu na ana kisa gani nawe. Anza kuuliza kama alisemalo ni kweli. Maswali hayo mawili yana majibu mbalimbali, na jibu la moja haliwezi kutumika kulijibu jingine. Mambo yote nitakayosema yanatoka hapo.

Mfano wangu wa kwanza sitautafuta Ulaya wala Dar es Salaam. Uko hapa hapa, katika njia ya misafara iliyoujenga mji wetu.

Msafara uliopita Kaze

Mwezi wa Juni 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka Unguja kuja bara kutafuta maziwa makuu. Tarehe 7 Novemba mwaka huo walifika Kaze, ndiyo Tabora yetu, wakapokewa vizuri na wafanya biashara wa Kiarabu waliokuwa wakikaa hapa. Mwezi wa Februari 1858 wakaliona Ziwa Tanganyika. Waliporudi Kaze, Burton alibaki hapa, na Speke akaenda kaskazini mpaka akaliona lile ziwa ambalo yeye aliliita Victoria. Mambo haya mlisoma darasani.

Jambo ambalo hatukusoma sana ni habari za watu waliowafikisha huko. Mkuu wa msafara alikuwa Said bin Salim, aliyetolewa na Serikali ya Sultani. Walikuwapo askari wa Kibulushi pamoja na jemadari wao. Alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao, ambaye baadaye aliwaongoza wasafiri wengine wengi. Na walikuwapo wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mabibi na mabwana wa njia hii, ambao mizigo yote ya elimu ya dunia ilipita mabegani mwao.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye shauri letu. Kabla msafara haujaondoka, Balozi wa Uingereza kule Unguja, Atkins Hamerton, alizungumza na Said bin Salim na askari. Walipewa kitangulizi, na wakaahidiwa kwamba wakifanya kazi vizuri na msafara ukirudi salama watapewa zawadi zaidi. Ahadi hiyo ilikuwa ya mdomo. Mwezi wa Julai 1857, msafara ukiwa ndiyo kwanza unaanza bara, Hamerton akafa. Mtoa ahadi akawa kaburini, na ahadi ikabaki vichwani mwa waliohai, kila mmoja akiikumbuka kwa namna yake.

Msafara ukarudi Unguja mwezi wa Machi 1859. Burton akaona kwamba wale watu hawakustahili zawadi. Alisema askari walikuwa wakaidi, na kwamba Said bin Salim alifuja mali ya msafara. Basi hakuwapa. Kabla mwezi haujaisha akapanda meli, akaenda zake.

Waliobaki pwani wakaenda kwa Balozi mpya, Christopher Rigby, wakasema: Sisi tumekwenda mpaka ziwani na kurudi, na tulichoahidiwa hatukupata. Rigby akawasikiliza. Mwezi wa Julai 1859 akaandika barua kwa Serikali ya Bombay, kwa kuwa Ubalozi wa Unguja wakati huo ulikuwa chini ya Serikali hiyo, akaeleza madai yao. Speke naye, aliyekuwa pamoja nao njia nzima, akawaunga mkono. Barua ikasafiri hata ikafika London, kwa wakubwa wa mambo ya India, na mwishoni mwa 1859 Burton akatakiwa ajieleze.

Burton akajibu. Alieleza ubaya wa wale watu: ukaidi wao, uvivu wao, hasara waliyomtia. Alieleza pia kwamba zawadi ilikuwa na sharti, na sharti halikutimizwa. Mwezi wa Januari 1860 akapata karipio. Waziri wa mambo ya India, Sir Charles Wood, hakumwambia kwamba wale watu walikuwa malaika. Alimwambia jambo jepesi zaidi, nalo ndilo zito: wewe ulijua kwamba watu hawa wanakudai, ulipaswa kuyapeleka madai yao mbele ya Balozi kabla hujaondoka Unguja, ili yaamuliwe pale pale kwa haki yake. Ungefanya hivyo, jina la Serikali lisingechafuka, na shauri lingekwisha kwa gharama ndogo. Burton hakukubali. Akajibu kwa maneno makali kwamba jina la Serikali halikuchafuka hata kidogo kwa yeye kuwanyima zawadi watu walioikosa kwa makosa yao wenyewe. Barua zote hizo alizichapa yeye mwenyewe mwishoni mwa kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1860, kwa hiyo malalamiko ya wale watu tunayo mpaka leo kwa mkono wa yule yule waliyemlalamikia.

Mambo matatu ya kujifunza

Ndugu zangu, mimi nimefanya kazi ya utumishi maisha yangu yote. Nimesoma mashauri mengi ya kazi, lakini sijaona lililo wazi kama hili. Lina mambo matatu.

La kwanza: inawezekana kabisa kwamba Burton alikuwa na hoja. Safari ilikuwa ngumu, watu wengine walitoroka, yeye na mwenzake waliugua karibu kufa. Inawezekana baadhi ya askari hawakustahili hata shilingi moja. Lakini aliamua peke yake, akiwa ndiye mdaiwa na ndiye hakimu, kisha akaondoka. Hoja nzuri iliyotolewa baada ya meli kung'oa nanga huonekana kama kisingizio. Shauri la kazi lisikilizwe wakati pande zote mbili zingali mahali pamoja, mashahidi wangali hai, na daftari lingali mezani.

La pili: Burton alikuwa akijua kwamba Rigby hampendi, na kwamba yeye na Speke wamekwisha kosana. Hilo lilikuwa kweli. Lakini hata kama Rigby alikuwa adui yake wa damu, swali lilibaki pale pale: je, watu hawa waliahidiwa, na je, walilipwa? Chuki ya msemaji hailipi deni la msemwa. Mara nyingi mimi nimeona meneja hodari akitumia kurasa tatu kueleza kwa nini fulani anamchukia, na asitumie hata mstari mmoja kueleza kama alichosema fulani kipo au hakipo.

La tatu linatuhusu sisi watu wa Tabora hasa. Huyu Said bin Salim, aliyeambiwa hafai, aliishia wapi? Mwaka 1860 Speke aliporudi na Grant, alimchukua tena kuwa mkuu wa msafara, mpaka alipougua akaachwa hapa Kaze. Baadaye akawa Liwali wa Sultani katika Unyanyembe. Stanley alipofika mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, aliyempokea hapa kwa jina la Serikali ni Said bin Salim. Cameron alipofika mwaka 1873, Liwali alikuwa yule yule. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mtu anayetoka kwako leo na bahasha yake mkononi, kesho utamkuta amekaa katika kiti ambacho huna budi kupita mbele yake.

Na wapagazi Wanyamwezi, ambao hawakuwa na Balozi wa kumwandikia, walikuwa na njia yao. Waliambiana. Mwenye msafara aliyejulikana kwa kupunja posho au kwa kupiga watu, habari zake zilimtangulia kambini, na watu wa kuchukua mizigo akawakosa. Mwajiri aliyedhani kwamba watu wake wa zamani hawana mdomo alikuja kujua kwamba wanao, tena una miguu.

Tulivyojaribu sisi wenyewe

Baada ya Uhuru nchi yetu ililiona jambo hili. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilianzisha kamati za wafanyakazi mahali pa kazi, ili meneja asiwe peke yake mshitaki na hakimu kama Burton. Mwaka 1966 ikaanza kazi Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambako mwananchi yeyote aliweza kupeleka malalamiko dhidi ya ofisa aliyetumia cheo vibaya. Kazi hiyo tangu mwaka 2001 inafanywa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mwezi wa Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wazee mliopo hapa mnakumbuka yaliyofuata. Wafanyakazi waliishika ibara ile kama ngao. Kati ya 1971 na 1973 migomo ikawa mingi viwandani, na mahali pengine meneja alifungiwa lango. Wengine walivuka mpaka, lakini wengi walikuwa wamesema kwa muda mrefu bila kusikilizwa, na mtu asiyesikilizwa kwa sauti ndogo hutafuta kubwa.

Siku hizi tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na tunayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vijana, yakumbukeni haya mawili. Aliyeachishwa kazi akiona ameonewa ana siku 30 za kupeleka shauri lake mbele ya Tume hiyo. Na mwajiri, ajira ya mtu inapokwisha, anawajibika kumpa hati ya utumishi. Hiyo siyo hisani. Nimewahi kuona waajiri wakiishika hati hiyo kama rehani ili mtu asiwaseme. Aliyenyimwa hati huenda akasema maradufu, na tena kwa haki.

Barua ya karani wa mizani

Nitatoa kisa kimoja nilichokishuhudia mwenyewe. Jina la kampuni nitaliacha, na la mtu pia. Ilikuwa kampuni ya kununua mazao, na mimi nilikuwa katibu wa mkutano, nikiandika yanayosemwa.

Karani mmoja wa mizani alikuwa ameachishwa kazi kwa ulevi. Baada ya miezi michache akaandika barua, nakala kwa wakubwa wengi. Alisema mambo mawili: kwanza, mizani ya ghala fulani inawapunja wakulima, pili, wafanyakazi wanatiwa sahihi kwenye daftari la saa za ziada bila kulipwa fedha. Mkutano ukaitwa. Kwa muda wa saa nzima wakuu walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza ulevi wa yule karani. Yote waliyosema yalikuwa kweli, na mimi niliyaandika yote. Kisha mzee mmoja, mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, akauliza kwa upole: "Jamani, mizani ile ilipimwa mara ya mwisho lini?"

Chumba kizima kilinyamaza. Hakuna aliyejua.

Akaitwa mkaguzi wa mizani. Ikaonekana kwamba mizani ile kweli ilikuwa ikisoma pungufu. Daftari la saa za ziada nalo likakaguliwa pamoja na hati za malipo, na wafanyakazi wakaulizwa mmoja mmoja. Ikaonekana fedha zimelipwa, karani hakusema kweli. Basi kampuni ikamwandikia jibu lisilozidi ukurasa mmoja. Lilisema: kuhusu mizani, ulilosema ni kweli, imesimamishwa, na wakulima waliopunjwa watalipwa tofauti yao. Kuhusu saa za ziada, tumekagua, hatukuona upungufu. Daftari liko wazi kwa yeyote atakayetaka kuliona. Ndani ya barua ile hapakuwa na neno moja juu ya pombe. Yule karani hakurudishwa kazini, wala hakustahili kurudishwa. Lakini wakulima walipata haki yao kupitia kinywa cha mlevi, na kampuni iliaminika zaidi baada ya barua ile kuliko kabla yake.

Angalieni: mtu yule yule, barua ile ile, jambo moja kweli na jingine uongo. Kama tungeuliza tu ni nani huyu, tungeyatupa yote mawili. Kama tungesema tu lisemwalo lipo, tungeyakubali yote mawili. Ukaguzi peke yake ndio uliotenganisha.

Maneno kwa wakuu, na maneno kwa wanaoondoka

Kwenu wakuu wa kazi nina maneno machache. Mtu wako anapoondoka, mpe nusu saa. Mkalishe, umwulize ameona nini hapa ambacho hakukisema. Siku ile hana cha kuogopa tena wala hajaanza kukasirika. Ahadi yoyote ya fedha au cheo iandikwe, maana Hamerton ni wengi na kifo hakipigi hodi. Malalamiko yakija, asiyachunguze yule anayelalamikiwa. Jibu lako liwe fupi, la mambo yenyewe, na lisifungue jalada la siri za mtu: ugonjwa wake, ndoa yake, madeni yake. Anayemwaga siri za mtumishi wa zamani mbele ya watu huwatisha watumishi alio nao. Na kama jambo ni uongo mtupu unaoharibu jina, mahakama zipo. Lakini uende huko baada ya kukagua.

Kwenu mnaoondoka makazini, maana sisi sote tutaondoka, nanyi mna wajibu. Sema ulichokiona kwa macho yako, na useme lini na wapi. Ulichosikia, sema umesikia. Usiongeze chumvi, jambo moja la uongo litawapa sababu ya kuyazika tisa ya kweli. Siri za wateja na wagonjwa si zako kuzitoa. Lakini ukijua jambo linalodhuru watu, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mtu wa fitina. Tangu mwaka 2015 tunayo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, nayo inamlinda anayepeleka taarifa kwa nia njema mahali panapohusika. Lipeleke huko kwanza, kabla ya kulipeleka barazani.

Na ninyi vijana, msidhani haya ni ya wazee. Kiranja aliyevuliwa ukiranja akisema chakula cha bweni kinapungua, utasikia wote wakisema ana uchungu wa cheo. Labda anao. Lakini sufuria inapimika.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ninatoa pendekezo moja, nami naomba liingizwe katika kumbukumbu za mkutano huu. Kila mwaka Kidato cha Sita kinapoondoka, na kila mwalimu, mpishi au mlinzi anapomaliza kazi hapa shuleni, wajumbe wawili wa Chama chetu wakae naye, pamoja na Mkuu wa Shule akipenda, wamwulize ameona nini. Yaandikwe, yakaguliwe, na katika mkutano wa mwaka unaofuata tuambiwe lipi lilikuwa kweli, limefanyiwa nini, na lipi halikuwa kweli. Shule hii imetulea. Tukiipenda, tutataka kusikia habari zake kutoka kwa wale wanaotoka mlangoni, wakati bado wako mlangoni.